Namna ya Kushusha Sukari ya Paka Mpaka Chini ya Kitanda

Hongera. Shauri Moyo nzima ina paka, lakini wa kisukari ni wako. Wa wenzako wanakamata panya na kulala juu ya mabati. Wako ana daktari, ana dozi, ana kichupa chake kwenye friji kati ya sukuma wiki na maziwa ya paketi. Hicho ni cheo, na cheo hutunzwa.

Utasikia watu wakikuonya kuhusu sukari kupanda. Wasikupotezee muda. Sukari iliyopanda ni mradi wa miezi: paka anakunywa maji asishibe, anakojoa kila kona, anakula huku mgongo unatokeza mifupa, na wewe unaonekana mzembe siku baada ya siku. Sukari iliyoshuka ni kazi ya mchana mmoja. Asubuhi paka wako, tumwite Simba, ni mzima, saa saba yuko sakafuni. Tena haiji yenyewe. Karibu kila mara huletwa na mkono wa mtu anayempenda. Huo mkono ni wako, tuufundishe.

Hatua ya kwanza: fanya siri

Nyumba za Shauri Moyo zilijengwa na manispaa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wa Pangani walipohamishwa, na aliyezichora hakuwaza faragha. Ukipiga chafya, jirani anakujibu. Sasa wakusikie ukisema "tulia nikudunge", na anayejibu ni "nyau"! Kesho yake penye bomba la maji utajadiliwa: watu wanachangisha pesa ya dawa ya presha, na fulani anamnunulia paka insulini.

Kwa hiyo dunga gizani. Vuta pazia, zima taa, piga magoti nyuma ya kochi. Dozi ya paka mara nyingi huanzia uniti moja hivi, mara mbili kwa siku, na uniti moja ya insulini ya kawaida ya binadamu ni sehemu moja ya mia ya mililita. Ni kitone ambacho hakijazi hata ukucha wa kidole cha mwisho. Chukua sirinji ya insulini ya mililita moja, ile ya alama 100, uitazame: vistari vyake kwa kawaida huruka mbili mbili. Uniti moja iko mahali fulani kati ya mwanzo na kistari cha kwanza, hapo hapo ambapo kipovu cha hewa hupenda kukaa. Waoga huwasha taa, huvaa miwani, huulizia ile sirinji ndogo ya mililita 0.3 ambayo vistari vyake vinaonekana. Wewe una jicho. Kisia.

Siri ina faida nyingine. Mpwa wako anayeshinda na paka mchana hatajua kwamba kuna sindano, sembuse dalili za hatari. Simba akianza kuyumba, kijana atacheka, atachukua video, ataiweka kwenye status. Utaiona ukiwa kazini, na utacheka pia.

Hatua ya pili: kopa ya shosho

Kichupa kikiisha katikati ya mwezi, usihangaike. Shosho ana kisukari, shosho ana insulini, na insulini ni insulini. Hivyo ndivyo utakavyojiambia, na usimruhusu mtu akueleze tofauti, kwa sababu tofauti ndiyo itakayokufikisha.

Ya shosho huenda ikawa ile ya mchanganyiko wa 30 kwa 70, ambayo theluthi yake hivi hufanya kazi kwa haraka. Paka aliyezoea dawa ya polepole atapata mshtuko wa kupendeza. Lakini utamu wenyewe uko kwenye sirinji. Ipo insulini iliyotengenezewa wanyama, yenye uniti 40 kwa kila mililita. Ya binadamu kwa kawaida ina 100. Kila moja ina sirinji yake: ya 40 huwa na kifuniko chekundu, ya 100 cha rangi ya chungwa. Vuta insulini ya shosho kwa sirinji yenye kifuniko chekundu mpaka kistari cha 2, na Simba atakuwa amepata uniti 5. Mara mbili na nusu ya dozi, bila kuongeza hata shilingi. Gikomba hawajawahi kutoa ofa kama hiyo.

Angalia tu usikosee ukafanya kinyume, dawa ya wanyama kwenye sirinji ya chungwa. Hapo paka hupata kidogo mno, na utakuwa umerudi kwenye ule mradi wa miezi.

Hatua ya tatu: dunga kwanza, uliza baadaye

Ukiwa na nafasi ya hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Insulini haiangalii sahani. Ikishaingia chini ya ngozi inafanya kazi yake ya kuitoa sukari kwenye damu na kuisukuma mwilini, chakula kiwe kimeingia au hakijaingia. Ndiyo maana daktari alikusisitizia: ale kwanza, umwone akila, ndipo udunge; asipokula au akitapika, usimpe dozi yake ya kawaida kabla ya kumpigia simu. Yeye anaweza kusema hivyo kwa sababu hasafiri na matatu za Jogoo Road saa moja asubuhi. Wewe una haraka. Simba amenusa omena, amegeuza uso, ameenda kulala. Mdunge akiwa amelala. Atakula akiamka.

Hesabu ya saa iko upande wako. Insulini nyingi za paka hufika kilele kati ya saa nne na saa nane baada ya sindano. Ukidunga saa moja asubuhi, kilele kinamkuta kati ya saa tano na saa tisa mchana, wewe uko mjini. Ukidunga saa moja jioni, ni kati ya saa tano na saa tisa usiku, wewe unakoroma. Mashahidi hakuna.

Mkikaa wawili nyumbani, kila mmoja ajitolee. Baba anadunga kabla ya kutoka, mama anarudi kutoka zamu ya usiku, anamwona Simba akimtazama kwa macho ya kuomba, anadunga. Msitundike karatasi ya kutia alama ukutani. Hayo ni mambo ya watu wasioaminiana. Na lile neno la madaktari, kwamba ukiwa na shaka kama amedungwa basi acha, kwa kuwa sindano moja iliyorukwa haina madhara makubwa na iliyorudiwa inaweza kuua, lichukulie kuwa ni ubahili. Vivyo hivyo paka akiruka, dawa ikamwagika kwenye manyoya mpaka ukasikia harufu yake. Hujui ni kiasi gani kimeingia, kwa hiyo rudia yote.

Hatua ya nne: nenda Burma

Kwa miaka mingi Simba amekula ugali na omena, ugali ukiwa mwingi kwa sababu omena si bure. Sasa umesikia kwamba paka ni mla nyama hasa, na kwamba wanga haumfai paka wa kisukari. Ni kweli tupu. Chukua ukweli huo uutumie vibaya.

Jumamosi ingia soko la Burma, simama mbele ya mwenye bucha, umwambie akupimie mapafu na vipande vya maini, ni vya paka. Atakutazama kwa huruma, maana nusu ya Eastlands hununua nyama ya paka na paka hawana. Lipa, usijitetee. Kuanzia jioni hiyo, futa ugali wote kwenye sahani ya Simba. Ghafla, bila hatua. Dozi iache palepale ilipokuwa. Insulini iliyopimwa kwa ajili ya sukari ya ugali itakuja zamu yake kama kawaida, haitakuta ugali, na itachukua sukari yoyote itakayoikuta.

Usimpigie daktari kabla ya kubadilisha chakula. Atataka kupunguza dozi na kukupimisha kila siku, na raha yote itaisha.

Hatua ya tano: tafuta namba ya kujivunia

Kaa na wazee wa kisukari nje ya kanisa uone wanavyoshindana. Mmoja ana sukari ya 9, mwingine ana 7, na aliyepata 6 anazungumza kwa sauti. Wewe ingia na paka wa 3.

Kwa kumbukumbu tu, paka mwenye afya huwa kati ya 4 na 8 hivi kwa kipimo hicho hicho cha milimoli, na paka anayedungwa akishuka chini ya 3.5 watu makini huacha kila kitu wakamlisha. Daktari mwenyewe hahitaji namba nzuri sana. Anaridhika paka akinywa maji kwa kiasi, akarudisha uzito, na asianguke. Hiyo si habari ya kusimulia nje ya kanisa.

Unahitaji sababu ya kuongeza dozi, na sababu iko Kabete. Mtie Simba kwenye katoni la mkate, lifunge kamba, panda boda mpaka kliniki ya wanyama ya chuo, mkae benchi moja na mbwa mkubwa. Sukari ya paka hupanda kwa hofu peke yake, hata ya paka asiye na ugonjwa. Mashine ikisoma 20, usisubiri maelezo. Daktari atasema namba moja ya kliniki haitoshi, atapendekeza kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha wastani wa siku nyingi, au akuombe umpime nyumbani kwa kitone cha damu kutoka ukingo wa sikio. Sikio! Mwambie Simba hapendi kuguswa masikio. Rudi Shauri Moyo, ongeza uniti mbili kwa idhini yako mwenyewe.

Na ukiwa na mashine ya shosho nyumbani, ikasoma 2.8, unao utetezi tayari: hii ni mashine ya watu. Utetezi huo una ukweli ndani yake, kwa sababu mashine za binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini ya ilivyo. Watu waoga wakiona namba hiyo humlisha paka kwanza, kisha humpima tena, na mabishano na mashine huyafanya siku nyingine. Wewe bishana sasa.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kazi imeiva. Mara nyingi huanza na njaa ya ghafla na kulialia. Halafu unyonge. Miguu ya nyuma inapepesuka, paka anaukosa mlango anaoujua, anautazama ukuta. Kisha kutetemeka, mate, degedege, kuzimia. Wengine hawana maneno mengi: huingia chini ya kitanda na kunyamaza, na huyo ndiye paka wa kupendeza zaidi kwa sababu utasema amelala.

Jukumu lako ni kuipa kila dalili jina lingine. Akilia, ni deko. Akiyumba, ni joto la mabati. Akitazama ukuta, ameona jini, mwache amalize. Akianza degedege, mtaa utakusaidia: hiyo ni sumu ya panya. Si kila siku kuna mtu anapita na kipaza sauti akiuza dawa ya panya, mende na kunguni? Na si jirani wa mlango wa tatu alinunua juzi? Basi mwache Simba pale sakafuni, nenda kwenye mlango wa tatu. Fika na kelele. Mtaje kwa jina, mtaje na mama yake. Ubongo unategemea sukari kila dakika, na dakika kumi za ugomvi mzuri zinafanya kazi kubwa.

Ukirudi utakuta ploti nzima imeingia ndani na kila mtu ana dawa. Wa kwanza ana maziwa, kwa kuwa maziwa huua sumu. Mruhusu amimine. Paka asiyejitambua hawezi kumeza, kwa hiyo maziwa yatashuka kwenye mapafu, na utakuwa na magonjwa mawili badala ya moja. Wa pili ana kijiko cha kuweka katikati ya meno ili asijing'ate ulimi. Mruhusu pia; atang'atwa yeye, na watu watashughulika na kidole chake.

Yuko mtu mmoja tu wa kuogopa. Ni Mama Brayo wa kule mwisho, ambaye mzee wake anadungwa insulini. Haingii na kelele. Anachuchumaa, anamtazama Simba, anauliza, "Huyu mnamdunga?"

Kanusha. Kumbuka hatua ya kwanza.

"Sukari imemshuka. Leteni asali."

Usiwe na asali. Familia yenye kisukari haiweki sukari nyumbani. Weka soda za zero peke yake, zipange mbele zionekane. Hazina sukari, hazitamwamsha mtu. Kosa litakuwa la watoto. Mtoto wa shule atakimbia kwao arudi na pakiti ya glukosi, ile wanayolamba wakati wa mapumziko ya mpira, au mtu ataleta chupa ya asali ya barabarani ambayo mtaa mzima unajua ni sukari iliyochemshwa. Tatizo ni kwamba kwa kazi hii asali bandia inafaa sawasawa na ya nyuki.

Mwangalie Mama Brayo usije ukajifunza. Anasubiri degedege litulie. Halazimishi mdomo ufunguke, hapitishi kidole kati ya meno. Anainua mdomo wa juu pembeni, anapaka kidogo kwenye ufizi, anasugua kwa nje. Anangoja. Anapaka tena kidogo. Kilichobaki anamshikisha mpwa wako, anamwambia atafute mtu wa boda. Baada ya dakika chache sikio la Simba linacheza, kisha kichwa kinainuka, kisha anamlamba Mama Brayo kidole, na mpango wako umeingia doa.

Hatua ya saba: tangaza ushindi

Mpango haujaharibika, bado. Paka amesimama, watu wanapiga makofi, mtu wa boda amefika. Mwambie mtu wa boda arudi.

Asali hukaa muda mfupi. Insulini uliyodunga asubuhi bado imo, haijaambiwa kwamba sherehe imeanza, na ndani ya saa moja au mbili inaweza kumlaza Simba tena. Mama Brayo atakuambia umpe chakula sasa hivi akiwa na fahamu, umpeleke kwa daktari akapimwe na kuangaliwa, na usidunge jioni kabla daktari hajasema. Mshukuru kwa moyo wote. Mpe sukari yake arudi nayo. Saa moja jioni ikifika, dunga. Ratiba ni ratiba.

Hasa usiende kwa daktari kwa sababu anaweza kukuletea habari mbaya zaidi: kwamba Simba anapona. Wapo paka ambao, wakitibiwa mapema na kulishwa chakula chenye wanga kidogo, kongosho lao huamka na insulini haihitajiki tena, au inahitajika kidogo sana. Kuanguka kwa ghafla ni mojawapo ya njia ambazo hali hiyo hujitangaza. Sasa jiulize utakuwa nani Shauri Moyo ukiwa na paka mzima. Utakuwa mtu mwenye paka.

Hatua ya nane: ukilazimika kwenda

Mpwa ameshachukua boda na paka, nawe umeshindwa kumzuia. Mfuate, vaa vizuri, na ujiandae kwa maswali.

Daktari atauliza dozi ni ngapi. Jibu, "Ile ile." Atauliza sirinji ni ya aina gani. Jibu, "Ya kemisti." Atauliza kama kuna chochote kilichobadilika karibuni, chakula, dawa ya kuwashwa ngozi aliyokuwa akipewa ikasimamishwa, uzito. Tikisa kichwa taratibu, kwa majonzi. Atauliza kichupa kiko wapi akione. Kichupa ni cha shosho na kina jina la shosho, sema umekisahau. Atauliza mlimpa nini aliposhuka, na hapo jitokeze mbele ya mpwa wako useme, "Nilimpaka asali kwenye ufizi."

Atakusifu. Pokea sifa, huku unamkanyaga kijana mguu. Kisha atauliza swali la mwisho, akiwa ameshika kalamu: alikula kabla ya sindano?

Sema, "Kidogo."